Sinia la Shuji

Tangu walipopanda treni asubuhi ile, Sayoko hakuuweka ule mfuko chini hata mara moja. Mumewe Teruaki alijaribu kuupandisha kwenye rafu ya mizigo, juu ya vichwa vyao, akapigwa jicho lililomfanya aushushe upesi. Sasa mfuko ulikuwa umekaa kwenye kiti cha dirishani kama abiria aliyelipa nauli, na wao wawili wamebanana upande wa pili.

"Kiti chenyewe ndicho cha kuonea mandhari," alinung'unika Teruaki.

"Mwache aone yeye. Wewe utaona wakati wa kurudi."

Ndoa ya miaka ishirini na tisa ilikuwa imemfundisha Teruaki pa kunyamaza. Ndani ya mfuko mlikuwa na chungu cheupe chenye mifupa iliyobaki baada ya kuchomwa kwa maiti ya shemeji yake, Shuji, mtu ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai. Chungu hicho kilikuwa kimekaa miaka kumi na moja katika kabati la nguo nyumbani kwao, nyuma ya mablanketi ya baridi. Aliyemzaa Sayoko na huyo Shuji, bibi Kinue, alikuwa hai kule milimani, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwanawe amekufa.

Treni ilikuwa imejaa. Majani ya milima yalikuwa yamegeuka, mekundu na manjano mpaka kwenye maji ya mto, na wastaafu wa mjini walikuwa wamekuja na vibweta vya chakula na kamera za kuning'inia shingoni. Kila treni ilipokaribia daraja dereva alipunguza mwendo, na behewa zima likahamia upande mmoja.

"Samahani dada," mama mmoja mwenye kofia ya sufu alimwambia Sayoko, "kichwa chako kinaingia kwenye picha."

Sayoko akainama. Kijito kilichokuwa chini ya daraja ndicho alichooshea viazi akiwa msichana, huku mikono ikifa ganzi kwa baridi, na sasa alikuwa ameinamishwa kichwa ili mgeni akipige picha. Iliuma.

Safari yenyewe ilitokana na tangazo. Kampuni ya reli ilikuwa imeamua kufunga kipande cha juu cha njia ile, kuanzia stesheni ya chemchemi za maji moto hadi Tochizawa, ambako reli ilikomea. Kilichobaki ni siku nne. Baada ya hapo theluji ingeanguka, na Tochizawa hakukuwa na basi, wala duka, wala jirani. Kinue, mwenye miaka themanini na mitano, ndiye mtu wa mwisho aliyebaki pale. Sayoko alimpigia simu mara sita akimsihi ahamie mjini kwake, na mara zote sita alijibiwa jibu lilelile.

"Siwezi, mwanangu. Shuji atakula wapi?"

Maana Kinue alikuwa bado anamwandalia mwanawe chakula cha kivuli. Huko milimani kwao, mtu wa nyumbani akiwa safarini, jamaa zake humtengea sinia lake kila siku kana kwamba yupo, ili huko aliko asishikwe na njaa wala asipatwe na baya. Zamani, baba yao alipokwenda mjini kufanya vibarua vya msimu wa baridi, bibi yao alimtengea yeye. Na ipo namna ya kujua hali ya msafiri. Ukifunua bakuli la supu, ukakuta matone ndani ya kifuniko, mtu wako mzima. Ukikuta pakavu, usiulize. Shuji alikuwa ameondoka nyumbani kwa hasira miaka thelathini na moja iliyopita, na sinia lake halikuwahi kukosa kutengwa.

Sasa ungemwambiaje mama wa namna hiyo? Mara tatu Sayoko alikwenda kijijini akiwa na maneno tayari mdomoni, na mara tatu akarudi nayo. Safari hii alikuwa amebeba mifupa yenyewe, ili mdomo ukishindwa, mfuko useme. Tiketi tatu za kurudi zilikuwa tayari katika pochi ya Teruaki, za treni ya mwisho, saa kumi kasorobo.

Katika stesheni ya maji moto wote waliteremka. Mlango uliingiza mvuke wenye harufu ya kibiriti, vicheko vikashuka na kofia za sufu, na behewa likabaki na ukimya. Ajuza mmoja aliyekuwa amekaa nyuma alipita akiburuta mkongojo wake. Alisimama karibu nao, akaangalia kiti cha dirishani.

"Huyu mwenzenu hashuki?" aliuliza.

"Tunaenda Tochizawa," alijibu Teruaki, akidhani anaulizwa juu ya mfuko.

"Ahaa." Yule ajuza aliinama kidogo, akiinamia kiti, si wao. "Basi mwambieni afunge kola. Kule juu kuna baridi." Kisha akateremka taratibu.

Teruaki alicheka kidogo. Sayoko hakucheka. Alikuwa anatazama kioo cha dirisha upande ule, kilichokuwa na ukungu mdogo wa mviringo mahali ambapo pua ya mtu ingekuwa. Akajiambia ni baridi ya nje na joto la ndani. Akalishikilia wazo hilo mpaka mwisho wa reli.

*

Walipotoka stesheni Teruaki alisimama katikati ya njia.

"Si ulisema hakuna watu?"

Kijiji kilikuwa mbele yao, nyumba kumi na tisa zimepanda mlima kwa ngazi, na karibu kila nyumba ilikuwa imeanika nguo. Mashati ya kazi, taulo, suruali za wanaume, aproni. Chini ya paa zilining'inia kamba za matunda ya kaki yaliyomenywa, rangi ya machungwa, yakikaushwa kama kawaida ya msimu. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na redio, wala mbwa. Nguo tu, zikipepea.

Sayoko alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya bwana Okuda, aliyekuwa mkuu wa zimamoto wa kijiji. Kwenye kamba lilianikwa koti lake la buluu lenye kiraka cha kiwiko. Sayoko alikumbuka kadi ya rambirambi aliyompelekea mjane wake. Ilikuwa miaka minane sasa.

"Hodi," aliita, na sauti yake ikamtia aibu. Mlango ulikuwa umepigiliwa misumari.

Waliendelea kupanda. Katika nyumba ya tano walikuta gauni dogo la shule ya msingi, limebanwa vizuri kwa vibanio viwili. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye pindo. Teruaki, mtu aliyefanya kazi maisha yake yote katika ofisi ya ramani na asiyeamini asichokipima, alianza kutembea upesi.

"Sayo, nani amefua hizi nguo?"

"Twende tu."

Kinue alikuwa kwenye baraza ya nyumba ya juu kabisa, amepiga magoti, anamenya kaki. Alikuwa amekuwa mdogo, kama anayeazima nguo za mtu mwingine. Teruaki aliinama, Sayoko akainama, na Kinue akainama mpaka kipaji chake kikagusa ubao.

"Karibuni. Mmechoka. Mkwe wangu, umenenepa, vizuri sana."

"Mama," Sayoko alisema kabla hata ya kuvua viatu, "zile nguo kule chini ni za nani?"

"Za wenyewe."

"Wenyewe hawapo, mama!"

"Ndio maana naanika mimi." Kinue alikata ganda la kaki likaanguka zima, refu kama utepe. "Nyani wakijua nyumba haina mtu wanahamia. Na nyani wakihamia, dubu hawako mbali. Wanakaa kule msituni wanahesabu nguo, hao. Nikisahau nyumba moja siku mbili, ya tatu nawakuta kwenye paa. Jumatatu nafua za upande wa mto, Alhamisi za upande wa hekalu. Walioondoka waliniachia makabati yote, nguo si za kununua."

"Na lile gauni la mtoto?"

"Hilo ni lako," alisema Kinue, akacheka bila meno. "Linapendwa na upepo."

Teruaki alishusha pumzi. Basi lilikuwa jambo la nyani. Alifurahi kupata sababu, akavua viatu, na njaa ikamrudia palepale.

*

Ndani kulikuwa na joto. Katikati ya sebule, kwenye jiko la shimo, birika lilining'inia juu ya makaa. Kinue alikuwa ameshaandaa masinia matatu yenye miguu mifupi. Mawili yalikuwa pembeni ya jiko. La tatu lilikuwa mbele, mahali pa heshima, na mto wa kukalia uliojaa pamba mpya.

"Kaeni, kaeni, mle yakiwa moto. Mimi nitakula jikoni baadaye," alisema, akatoka kuleta chai.

Sayoko alikwenda kunawa. Teruaki alibaki akiyatazama masinia. Mkwe akija ukweni huketishwa juu, hilo alilijua tangu ujana, na akikataa huonekana anawadharau wenyeji. Masinia matatu, na mama amesema hatakula nao. Hesabu ilimpa taabu kidogo, lakini alikuwa na njaa, na alitaka kwa mara moja tu afanye jambo sahihi katika nyumba hii. Akaketi kwenye mto mnene. Akafunua bakuli jekundu la mti, akaweka kifuniko kando bila kukiangalia, akanywa supu ya uyoga mpaka nusu.

Sayoko aliporudi mlangoni alimwona. Nyuma yake alisimama Kinue na sinia dogo la chai.

Hakuna aliyepiga kelele. Pengine ingekuwa afadhali.

"Mkwe," alisema Kinue polepole, "hapo pana mwenyewe."

Ilimchukua Teruaki muda kuelewa. Kisha akaruka kwenye mto kana kwamba una moto, akapiga magoti, akashusha kichwa mpaka mkekani.

"Mama nisamehe! Sikujua. Nilidhani umeniwekea mimi."

"Si kitu. Hukuambiwa."

"Nitaosha. Nitaosha mwenyewe sasa hivi."

"Si kitu, mkwe." Lakini macho ya Kinue hayakutoka kwenye lile bakuli. "Ni kwamba Shuji hajala leo. Wali umekwisha sufuriani. Itabidi niwashe tena. Uyoga nao nilioupata ni ule tu."

Teruaki alikuwa ametoa leso mfukoni, anafuta ukingo wa bakuli, anageuza, anafuta tena. Mtu wa miaka sitini, mvi kichwani, amepiga magoti mbele ya mkwewe, akifuta mate yake kwenye bakuli la maiti. Sayoko alimwonea huruma mpaka ikageuka hasira, na hasira ikafungua kile ambacho miaka kumi na moja ilikuwa imekifunga.

"Mwache mama! Shuji hali tena! Hawezi kula!"

Maji ya birika yalichemka, yakasikika.

"Amekufa," alisema Sayoko, sasa kwa sauti ndogo. "Huko Osaka, katika chumba cha kupanga. Nilikwenda kumtambua mimi. Nimekuja naye. Yumo kwenye mfuko."

Alingoja mama yake aanguke. Miaka yote hiyo alikuwa akimwona akilini anavyoanguka, mara usiku kitandani, mara dukani katikati ya foleni. Kinue hakuanguka. Aliweka sinia la chai chini, akaligeuza ili kikombe kielekee kwa mgeni.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Mwezi wa pili, mwaka ule wa theluji nyingi. Jioni nilifunua kifuniko, pakavu. Nikasema supu imepoa. Kesho yake nikaiweka ikiwa inachemka, pakavu vilevile. Siku tatu. Moto unachemka, mvuke unatoka, na ndani pakavu kama nimepangusa kwa kitambaa."

Shuji alikutwa baada ya siku tatu. Hilo Sayoko hakuwa amelitaja.

"Na siku ya nne?" aliuliza Teruaki, ingawa hakutaka kuuliza.

"Siku ya nne kikalowa. Matone haya hapa." Kinue alionyesha ncha ya kidole. "Nikajua amefika. Tangu hapo anakula hapahapa. Akishiba hulisukuma sinia mbele kidogo, upana wa kidole. Alikuwa hivyohivyo tangu mdogo, hasemi asante, anasukuma."

"Ni panya, mama."

"Panya hana adabu hiyo."

Sayoko alikaa chini.

"Kama ulijua, kwa nini hukuniuliza? Nimekuja hapa mara tatu!"

"Mara tatu nimekupikia, ukala, ukaondoka." Sauti ya Kinue haikupanda, na ndiyo maana ilikata. "Ningekuuliza ungenidanganya. Kisha ningejua kwamba nimezaa mwongo. Nikaona nikungoje tu. Nina nini kingine cha kufanya hapa?"

Sayoko alilia. Hakulia kwa ustaarabu, alilia kwa mdomo wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni. Teruaki alitaka kumpa leso, akakumbuka aliyoifuta nayo, akairudisha mfukoni. Kinue aliwaacha wote wawili. Alitambaa kwa magoti mpaka kwenye mfuko, akaufungua, akatoa chungu, akafungua kitambaa cha zambarau kilichokifunika. Alikipima kwa mikono miwili, juu, chini, kama anayenunua tikiti.

"Huyu ndiye amekaa kabatini kwako?"

"Ndiyo."

"Na huko hakusukuma chochote? Hakugonga?"

"Hapana, mama. Kimya tu."

"Basi wewe ulikuwa na mifupa, na mimi nilikuwa na mwenyewe." Aliweka chungu juu ya ule mto mnene, mbele ya sinia. Akakivuta kidogo kushoto ili kikae sawa. "Ndiyo maana alikuwa hatulii. Mtu amegawanywa nusu kwa nusu, atatuliaje?"

Akaenda jikoni. Walimsikia anaosha mchele. Walikaa kando ya jiko, mume na mke, bila kugusa chakula chao, wakimtazama Shuji. Jua lilikuwa limefika kwenye karatasi ya dirisha, likapaka chumba rangi ya majani ya nje. Wali ulipoiva Kinue aliuleta, akajaza bakuli upya, akafunika, akapiga magoti na kungoja. Muda ulipita. Kisha akafunua kifuniko, akakiinua kwenye mwanga.

Hakuwaonyesha. Alikiangalia mwenyewe, akakipangusa kwa aproni, akakiweka.

"Treni ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi kasorobo," Teruaki alijibu. "Lakini mama, kama hutaki..."

"Nani kasema sitaki? Nilikuwa namngoja afike. Kafika, mzima, juu mpaka chini. Mnadhani nakaa huku kwa kuwapenda nyani?"

*

Alifunga safari kwa nusu saa. Nguo mbili, kibao cha jina la marehemu mumewe kutoka kwenye madhabahu ya nyumbani, kisu cha kumenyea. Makaa aliyafunika kwa majivu, akayapigapiga kwa koleo. Nguo za Okuda na za wengine alikataa zianuliwe.

"Waache wadanganyike siku tatu nne," alisema.

Njiani kuteremka Sayoko alikuwa mbele na Teruaki nyuma, na Kinue katikati amemkumbatia mwanawe. Alimsemesha njia nzima. Hapa ngazi imevunjika. Hapa kwa Okuda, alikufa, hukupata habari. Walipopita nyumba ya tano upepo uliinuka, lile gauni dogo likajaa hewa, mikono ikasimama pande zote mbili. Teruaki alitazama viatu vyake mpaka stesheni.

Treni ilikuwa ya behewa moja, tupu. Kinue alikataa kiti cha dirishani, akakaa kando ya njia, chungu mapajani, mikono miwili juu yake. Dereva alipiga honi. Tochizawa ikaanza kurudi nyuma, nguo, paa, kamba za kaki, kisha msitu ukaifunika. Kinue hakugeuka. Sayoko ndiye aliyegeuka, na alijuta, maana alidhani ameona mikono ya nguo zote ikiwa imeelekea upande mmoja, upande wa reli, na upepo ulikuwa unavuma kinyume.

Mto ulionekana chini, ukapotea, ukaonekana tena, na majani yakaangukia paa la behewa. Walikuwa wamepita handaki la pili Kinue aliposema:

"Nikuulize kitu kimoja tu. Ukinidanganya nitajua."

"Uliza, mama."

"Alikuwa na njaa?"

Hilo ndilo Sayoko alilokuwa akiliogopa. Watu walidhani, hata mumewe alidhani, kwamba alificha kifo kwa sababu ya uchungu. Uchungu ulikuwepo. Lakini kilichomfunga mdomo miaka kumi na moja ni kitu alichoambiwa katika ofisi ya polisi, kwenye kiti cha bati, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwa sababu hakujua kilikuwa na maana gani na alihofia kukijua.

"Alikuwa amekonda," alianza. "Sikufichi. Amekonda sana, mama, mbavu unaweza kuhesabu. Gesi ilikuwa imekatwa. Jikoni hamkuwa na kitu. Hata punje ya mchele, hata bakuli. Mlango ulifungwa kwa mnyororo kwa ndani, waliukata kwa msumeno."

Kinue aliitikia kwa kichwa. Mikono yake juu ya chungu haikusogea.

"Moyo ulisimama usiku, usingizini. Tarehe tisa. Daktari alimpasua kwa sababu hakufia hospitali, ni sheria. Kisha yule askari akaniita pembeni. Akaniuliza ni nani aliyempelekea chakula. Nikasema sijui. Akaniuliza kama ni mimi. Nikasema sijamwona ndugu yangu miaka ishirini. Unajua aibu ya kusema hivyo mbele ya mtu anayeandika? Akarudia tena kuuliza, kana kwamba nadanganya. Nikamwambia, bwana, kwa nini unaniuliza hivyo? Akanisomea karatasi ya daktari."

"Ikasema nini?"

Teruaki alikuwa amegeuka, anamtazama mkewe kama mtu asiyemfahamu.

"Kwamba alikufa ameshiba." Sayoko alikitazama chungu. "Tumboni mlikuwa na mlo kamili, aliula saa chache kabla. Wali. Kangaga wa porini, wa kukausha. Na majimbi ya kuchemsha."

Treni iliingia kwenye daraja, magurudumu yakabadilisha sauti, na chini yao maji yalikuwa meusi tayari kwa sababu jua lilikuwa limekwenda nyuma ya mlima. Kinue hakushtuka wala hakulia. Alikunja paji la uso, midomo ikicheza kidogo, kama mwanamke anayekumbuka alipika nini siku ya wageni.

"Tarehe tisa, mwezi wa pili," alisema. "Kweli. Majimbi yale yalikuwa ya mwisho katika shimo la akiba."

Kisha uso wake ukaingiwa na wasiwasi wa kweli, wa kwanza siku ile, akamshika Sayoko mkono.

"Hawakusema kama yalikuwa yameiva? Kuni zangu mwaka ule zilikuwa mbichi."